Mkono wa Shemeji Eleuterio

Meli Santa Eduvigis,
Ghuba ya Pisagua,
14 Juni 1905.

Mpendwa mdogo wangu Zunilda,

Nakusalimu kwa moyo wote. Habari za Talcahuano, na mvua za huko? Kifua cha mama mkwe wako kimepata nafuu, au bado anakohoa na kukataa dawa? Clodomira ameshaota meno? Sisi wawili, mimi na mumeo, tu hai. Nimelitanguliza neno hilo ili yanayofuata uyasome ukiwa umekaa. Barua ikinuka kiberiti usishangae, kila karatasi inayotoka humu hufukizwa kwanza.

Maana tumefungiwa. Tulitoka Antofagasta, na kwa kuwa kule kuna tauni, Pisagua hawatutaki. Bendera ya njano iko juu ya mlingoti na mashua ya walinzi inatuzunguka na bunduki. Upepo ukitoka nchi kavu tunanusa mikate ya watu, sisi tunakula maharage na nyama kavu ngumu kama soli.

Lakini biashara haina karantini. Daktari wa bandari ameamua kwamba tauni hupanda na miguu ya mabaharia, haipandi na magunia. Kwa hiyo matishari ya shura, ile chumvi ya kutengenezea baruti, huletwa ubavuni mwa meli, wanaoyaleta huruka kwenye mashua na kukimbia, na sisi wa chini, tulioandikwa kazi ya kulisha matanuri, tunaamriwa kupakia. Nimesoma vitabu vingi juu ya utumwa, Zunilda, na waandishi wake wote wanasema umekwisha. Nadhani hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushuka ngazi ya chumba cha matanuri.

Unajua kazi yetu, nimekulalamikia miaka mingi. Wengine wanachota makaa ghalani na kuyasukuma kwa toroli, wengine tunayarusha motoni, tunakwangua masizi yaliyoganda, tunavuta majivu kwa ndoo hadi juu. Bandarini tanuri moja tu huwaka, lakini mapafu hayapewi likizo.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Kila bandari tunahimizwa haraka, nasi huchota makaa yaliyo karibu na mlango wa ghala, kwa sababu yale ya kona ya nyuma huvutwa mtu akiwa amejikunja kama jongoo. Kisha makaa mapya, yaliyolowa mvua, humwagwa juu ya yale ya zamani. Ya chini yanabanwa, yanakosa hewa, yanaanza kujipika yenyewe. Siku chache zilizopita Onofre, mmoja wa wasukuma toroli, akanijia. "Kaka Hipolito, kona ile inanuka kama taa iliyozimwa vibaya. Njoo unuse wewe, mimi wataniambia nimelewa."

Nikanusa. Ukuta wa chuma kati ya ghala lile na tumbo la meli linalopokea shura ulikuwa na joto. Shura ikishika moto haikupi hata nafasi ya kutubu. Nikawaambia wenzangu, hatupakii gunia hata moja mpaka makaa yale yachimbwe. Wakakubali.

Nahodha Larraguibel hakutaka kuchimba. Kuchimba ni kupoteza zamu, meli nyingine ipakie mbele yetu. Akaamuru kipimo. Kwetu kipimo ni kimoja: chuma kirefu huchomekwa ndani ya makaa, kinaachwa, kisha fundi anakichomoa na kukishika ncha kwa kiganja kitupu huku akisali Salamu Maria. Akiimaliza bila kukiachia, makaa ni baridi. Fundi wa pili wa meli hii ni mumeo.

Eleuterio akakishika mbele yetu sote, nahodha amesimama nyuma yake. Akasali, akamaliza, akasema, "Baridi."

Watu wakacheka. Quezada, mwenzangu wa beleshi, akanipiga begani. "Mzee wa magazeti, leo hata makaa yamekukana. Kabebe magunia." Na wote wakakubali kubeba.

Mimi si mtu wa sala, lakini nimekaa meza moja na mumeo. Mtu yule husali kama anayetafuna mfupa. Nikamfuata mlangoni mwa mitambo. Alikuwa ameshaufunga mkono kwa kitambaa cha kufutia mafuta.

"Nionyeshe kiganja, shemeji."

"Unavyo vyako viwili, tazama hivyo."

"Salamu Maria yako nyumbani inapoza supu. Ya leo imekimbia kama mwizi."

Akasema polepole, "Nahodha ameniahidi ufundi mkuu. Zunilda amechoka kulala chumba cha kupanga. Moto wa makaa husinzia siku nyingi, nitauchimba tukishaondoka. Usinivunjie nyumba, Hipolito."

"Na usiposinzia?"

Akaingia mitamboni na kuufunga mlango.

Nifanye nini? Kumwambia nahodha ni kumwambia anayejua. Kuwaambia wenzangu, nani aniamini baada ya chuma? Kuruka majini, walinzi wangenipiga risasi kama panya wa tauni. Kunyamaza, nikae juu ya baruti ili dada yangu apate nyumba, kisha dada yangu awe mjane ndani ya nyumba hiyo.

Asubuhi tishari la kwanza lilipofika, watu wote wakiwa sitahani, nikamwendea. Nikasema kwa sauti kwamba nimeshindwa, na aliyeshindwa hutoa mkono. Unajua desturi yetu: ugomvi huisha kwa mkono mbele ya mashahidi, na anayeukataa ni adui wa meli nzima. Angeweza kunipa wa kushoto. Akanipa wa kulia, ule uliofungwa kitambaa.

Niliubana kama ninavyobana mpini wa beleshi. Akaanguka chini bila kupiga kelele. Kitambaa kilibaki mkononi mwangu na ngozi yake ikiwa ndani. Quezada aliangalia, akaenda kukaa juu ya kifuniko cha shehena. Wengine wakakaa pembeni yake. Tishari likarudi limejaa vile vile.

Nahodha yule yule aliyesimama nyuma yake alimvua cheo mchana ule, eti kwa kuidanganya meli. Ukimtafuta mwongo, Zunilda, usianzie kwa mumeo. Nitaandika gazetini, kama nilivyozoea, jina la huyo bwana kwa herufi kubwa.

Sasa tunachimba. Makaa yanatoka yakifuka, tunayamwagia maji ya bahari, mvuke unatufumba macho. Moto bado uko chini, nahodha yuko juu, bunduki ziko nje. Eleuterio amefukuzwa kwenye meza ya wakubwa, anakula maharage nasi kwa mkono wa kushoto. Hakuna anayemtukana, na Onofre humlainishia nyama. Mimi hanisemeshi. Jana tu alisema, "Mwandikie wewe. Mkono wangu hauandiki."

Nikamwuliza niandike nini.

"Ukweli. Si ndiyo kazi yako?"

Basi huo ndio ukweli. Hakuna ufundi mkuu, hakuna nyumba, na vidole vyake huenda visikunjuke tena. Aliyekuharibia ni kaka yako, na ningeulizwa leo ningeubana tena. Ukitaka kunichukia, nichukie, ila fanya hivyo yeye akiwa hai mezani pako, akikohoa vumbi la Santa Eduvigis na kulalamikia chumvi.

Nisalimie mama mkwe wako, shangazi Pascuala na jirani Remijio. Mbusu Clodomira. Mungu ninayebishana naye kila siku akutunze, maana wewe hujamkosea chochote.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata kabla hujanisamehe,

Hipolito