Zima, Uwashe

Palma, 4 Juni 2024

Binamu Assane, mtani wangu kichwa dafu,

Hujambo na sura yako hiyo? Sisi wazima, mtoto homa imemwacha. Mgonjwa ni kompyuta ya ofisini. Tangu wakufanye wewe fundi wa sistema yetu, laana imetushukia! Naandika jina la mtu, inaganda. Nabonyeza ichapishe, inaniletea "erro", eti kuna kosa. Nimeipiga kofi, nimeipiga kiatu. Watu wamejaa barazani wanangoja bilhete zao za utambulisho, na mume wangu Jamaldine yumo. Ya kwake iliungua na nyumba, na mihogo yetu iko shamba, kule Mute. Barabara ile unaijua, asiye na kitambulisho anapigwa na wenye bunduki. Ifungue sistema kutoka huko ofisi kuu mjini Pemba, la sivyo nakuja kukung'oa meno.

Mtani wako,
Sumaia

Pemba, 7 Juni

Mtani Sumaia, mdomo upupu,

Salamu zimefika, na meno yangu yapo yote. Wa nyumbani kwangu hawajambo, wanakucheka tu. Kompyuta umeipiga kiatu, halafu unataka ikupende? Zima, uwashe. Ikikataa, zima tena. Jamaldine ale wali, mihogo awaachie nguruwe.

Binamu yako,
Assane

Palma, 11 Juni

Assane,

U mzima? Mimi si mzima. Nimezima, nimewasha, mpaka kidole kinauma. Nikipiga simu hupokei. Jana Jamaldine alitoka, maana ndani hamna chakula. Njiani wenye bunduki wakamwambia toa bilhete. Hana. Wamempiga kitako cha bunduki mdomoni, damu mpaka kifuani, na wamemwapia akipita tena bila bilhete watamuua. Wallahi nikikushika nitakupasua kichwa kwa kompyuta hii hii. Huu si utani, Assane! Fungua sistema.

Sumaia

Pemba, 15 Juni

Mtani,

Eti huu si utani! Mwaka juzi si uliniandikia umekufa, nikafunga safari nalia njia nzima, nikakukuta unakaanga samaki? Safari hii hunipati ng'o. Mpe Jamaldine uji, mdomo utapoa. Na wewe zima, uwashe, taratibu, kama mwanamke aliyefundwa. Shauri lako la kompyuta nimelifunga, nimeandika limekwisha.

Binamu yako mjanja,
Assane

Palma, 24 Juni

Kwa Bwana Assane,

Assalaam alaikum. Natumai wewe na watu wa nyumbani mna afya njema.

Sistema inafanya kazi. Jumatano nilipiga simu, akapokea mwenzako Sónia. Aliifungua kabla sijamaliza kumweleza. Bilhete ya kwanza kuchapishwa ilikuwa ya Jamaldine, na nilikuwa nimeishika majirani walipokuja kuniita. Alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kuchimba mihogo, hakutaka kuniamsha. Wale wenye bunduki walimpiga kwa magongo na vitako vya bunduki hadi uso ukapotea. Nilimtambua kwa miguu. Tumemzika Alhamisi.

Desturi naijua. Mtani ndiye anayekuja matangani, akamtania maiti, akawachekesha wafiwa. Ndugu wanakuulizia, wameshakutengea mkeka. Nimewaambia Pemba sina mtani.

Sumaia,
mjane wa Jamaldine