Kiti cha Wagonjwa

Migori, 12 Februari 1995

Kwako mkwe wangu Mama Otieno,

Pokea salamu za huku kwetu. Sisi tu wazima, isipokuwa goti langu, ambalo limekuwa kama jirani mbaya, linaniamsha likitaka. Mvua imewafikia Kosele? Na mwanangu Zilpah, tumbo linakwendaje?

Utacheka. Nimekuwa mtu wa kamati. Chifu alisema kwenye baraza kwamba tangu serikali ianze kutulipisha hospitalini, wagonjwa nao wapate mtu wa kuwasemea kule mambo yanakopangwa. Kazi ya kujitolea, malipo ni chai. Watu wakaangalia chini. Mimi nikainua mkono, maana nimelala kwa ile wodi na najua kunavyouma. Kuandika kwenyewe nilifundishwa gumbaru, nikiwa na watoto wakubwa. Mwenyekiti wetu Elkanah, aliyekuwa mwalimu, akaniuliza, "Mama, Kiingereza unakijua?" Nikamwambia, "Kwani wagonjwa wakilia, wanalia kwa Kiingereza?" Bwana Issack, yule Msomali wa duka la nguo, alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Sasa neno langu. Mara ya kwanza Zilpah alizalia hapo nyumbani, akamwaga damu hadi akazimia, na mtoto akatutoka. Safari hii naomba aje azalie hospitali ya huku, niwe karibu. Si nyumbani kwangu, najua ni mwiko kwenu. Lakini hospitali si boma la mtu. Tafadhali.

Mkwe wako,
Mama Zilpah


Kosele, 3 Machi 1995

Mama Zilpah mpendwa,

Salamu zimefika, na goti lako nalipa pole. Mvua ilikuja na mawe ikalaza maharagwe yote. Zilpah anakusalimu, anakula udongo kuliko ugali. Otieno yuko kisiwani Remba kuvua samaki. Kwa hivyo wewe sasa ni mkubwa, nikija nikuamkie kwa magoti.

Kuhusu hospitali, sikatai kwa ubaya. Sisi Wajaluo mtoto akizaliwa, kondo la nyuma, biero, tunalizika bomani kwa baba yake. Mtu akiulizwa kwao ni wapi, anaulizwa biero yake ilizikwa wapi. Huko kwenu manesi wanalitupa kwa shimo pamoja na bandeji za watu. Mtoto wa Otieno atakuwa wa wapi?

Wewe uko kwenye kamati. Waambie mama akitoka wodini apewe kondo lake aende nalo. Nikipata neno hilo, mimi mwenyewe nitampandisha Zilpah gari. Bila hilo, mkunga wetu yuko hapa karibu, na mikono yake imepokea nusu ya Kosele.

Mkwe wako,
Mama Otieno


Migori, 20 Aprili 1995

Mkwe wangu Mama Otieno,

Hamjambo hapo? Zilpah miguu haijamvimba? Mwambie alale ameiinua.

Lile neno nililisema. Nesi mkuu akasema damu haichezewi siku hizi, na huu ugonjwa ulioingia. Elkanah akasema, "Mama, umekuja kutetea wagonjwa au makondo?" Wakacheka. Nikawaambia mwanamke anayekaa nyumbani kwa sababu ya kondo lake, huyo pia ni mgonjwa wenu, ni vile tu hamjamwona. Wakaacha kucheka. Daktari akasema tutalizungumza kikao kijacho.

Kikao hicho kilikuwa jana. Tulifika wanne. Wengine walikuwa matangani. Siku hizi matanga hayaishi. Hatukutimia, tukanywa chai tukarudi. Sasa ni mpaka mwezi wa sita.

Mkwe wangu, ningeweza kukuandikia kwamba wamekubali. Kalamu ilitaka. Lakini nimewekwa pale niseme ukweli, na nikikudanganya, Zilpah akarudi kwako mikono mitupu, nitakuwa nimemharibia nyumba. Kwa hivyo nakuomba bila neno la kamati: mwache aje. Kondo nitaliomba mwenyewe kwa manesi, hata kwa kupiga magoti. Ningekuja kumchukua, lakini mama wa bibi hakanyagi boma la mkwe kabla hajakaribishwa.

Nijibu upesi.

Mama Zilpah


Kosele, 28 Juni 1995

Mama Zilpah,

Sijui nikuulize habari gani. Tangu tumzike Zilpah umenyamaza. Matangani hukuonja chakula changu, nami sikukulazimisha.

Wacha nikuambie, maana siku ile watu walikuwa wengi. Barua yako ya Aprili niliipata. Nikasema tungoje mwezi wa sita kamati iseme, mimba haijafika. Mimba ikaitangulia kamati. Mtoto alitoka vizuri, msichana, akalia. Zilpah akaniuliza, "Mama, ana nywele?" Nikamwambia anazo. Kisha kondo likakataa kutoka. Mkunga akamkanda tumbo, akampa chupa apulize ili lisukumwe, wapi. Damu ikaja. Tulimbeba na kitanda chake mpaka barabarani, gari likapatikana, lakini alikuwa ametuacha.

Kondo halikutoka. Alizikwa nalo. Mimi niliyeling'ang'ania, hakuna nilichozika bomani ila yeye.

Mtoto anakunywa maziwa ya ng'ombe. Niandikie. Hata kama ni matusi, niandikie.

Mama Otieno


Migori, 17 Julai 1995

Mkwe wangu Mama Otieno,

Nipo. Nilinyamaza kwa sababu barua zangu zote kwako zilianza kwa kumwulizia Zilpah, na sikujua nyingine inaanzaje.

Kikao cha mwezi wa sita nilikwenda. Walisimama wote kunipa pole. Lile jambo likasomwa. Daktari akasema mkebe wenye kifuniko unatosha. Nesi mkuu akasema sawa. Elkanah akauliza nani anapinga. Hakuna. Chai ilikuwa haijapoa. Nikawauliza, "Ni hivi tu?" Bwana Issack akafunika macho kwa mkono. Nikawaambia jambo la wodi ya wazazi lisingoje tena mpaka viti vijae, ama watafute mwingine wa kukalia kiti changu. Wakakubali hilo pia.

Juzi mama mmoja alitoka na mkebe wake, ameufunga kwa leso. Nilimsindikiza hadi getini na nikamfurahia, kweli. Halafu nikaenda nyuma ya jiko la hospitali, mahali watu hawanioni.

Hasira ninayo, sitakuficha. Siku nyingine ni yako. Siku nyingine ni ya kamati. Nyingi ni yangu mwenyewe, kwamba siku ile ya Aprili nilishindwa kukuandikia uongo mmoja.

Maziwa ya mtoto yachanganye na maji yaliyochemka, ng'ombe ni mzito kwa tumbo dogo. Asubuhi mfunike kichwa. Otieno asirudi Remba kabla hajambeba vya kutosha. Na hujaniambia mnamwitaje.

Mama Zilpah