Uso Ulale, Miguu Iruke

Ndugu yangu Ambakisye,

Ugonile, yaani umelalaje. Nakusalimu kwa kikwetu kwa sababu najua huko uliko umelala kweli, na wewe hukuwahi kuamka bila kuuliza habari za mjini. Habari ya kwanza ni hii: tangu uondoke, hakuna mtu anayejulikana wilaya ya Rungwe kuliko mimi. Mkuu wa wilaya anajulikana, sikatai, lakini yeye anajulikana akiwa chini. Mimi najulikana nikiwa hewani. Gari la serikali likifika stendi linapunguza mwendo, dereva anachungulia juu kwanza, halafu ndipo anatazama barabara. Watu wa Kyela wamepanda milima kuja kuniangalia. Naambiwa hata ng'ambo ya mpaka, Malawi, wapo wanaoniulizia, ila jina wanalikosea.

Usicheke. Wewe ndiye uliyeanzisha.

Unaikumbuka siku ya siafu. Kamera ulikuwa umeinunua kwa yule mhandisi wa kiwanda cha chai aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Ndio wakati maduka yalikuwa yameanza kujaa sabuni tena, mitumba imefika hadi vijijini, na filamu inauzwa waziwazi kama chumvi, si ile ya zamani ya kumjua mtu anayemjua mtu. Ulikuja kunionyesha kile kimkono cha pembeni kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Unakivuta, kinalia trrr, na wewe unakimbia ukajisimamishe mbele ukajipige mwenyewe. Tukaenda kukijaribu Kisondela, pembeni ya mashamba ya chai. Ukaniambia, "Gwakisa, tulia hapo kwenye majani." Nikatulia, na kumbe nimetulia juu ya msafara wa siafu.

Ulipoisafisha ile picha, nipo hewani, magoti nimeyakunja, koti limefunguka kama mbawa za kunguru, na chini yangu hakuna kitu. Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni pale kwenye chumba chako cha giza. Mimi nilisema nimefanya makusudi. Mpaka leo nasema hivyo hivyo.

Tangu hapo Jumamosi ikawa yetu. Ulikataa kunibonyezea. "Nikikupiga mimi ni kazi ya studio," ulisema. "Jipige mwenyewe, ndiyo raha yake." Ukanifundisha kamera ilazwe chini kabisa, juu ya sweta, itazame juu kama mbwa anayesubiri mfupa. Sikio lihesabu ule mlio. Mlio ukikaribia kukatika, ruka. Na uso usijue kitu. Mtu anayeruka huku ametoa macho, ulisema, anafanana na mtu anayefukuzwa na ng'ombe. Uso ulale, miguu iruke.

Mwili huu umeruka, ndugu yangu. Mbele ya Boma nimekaa hewani nasoma gazeti, mguu juu ya mguu. Msasani, ile ya kwetu hapa, nimeelea na mwavuli, mvua yetu ile isiyokwisha ikininyeshea. Sokoni nimelala kifudifudi juu ya mikungu ya ndizi, shuka nimejifunika, na akina mama wanapiga kelele, "Mjomba, shuka ununue." Wewe ulikuwa unakaa pembeni umekumbatia mkoba wa kamera, unacheka kimya kimya, mabega yanatikisika. Kuruka ulikataa. Fundi haruki, ulisema, fundi anasafisha.

Halafu kifua chako kikaanza.

Ile Jumamosi ya mwisho ulinishangaza. Tulikuwa uwanja wa kanisa, kwenye ule ukuta mweupe, tumetoka kwenye ndoa na makoti yetu meusi. Ukasema, "Leo na mimi nionekane." Ukavuta kimkono, ukaja unakimbia taratibu, unakohoa, ukasimama upande wangu. Trrr. Tukaruka wote wawili.

Hukuweza kuisafisha mwenyewe. Aliisafisha mkeo, Tupoki, akakuletea kitandani ingali inanuka dawa. Mimi nilikuwepo. Katika ile picha nimekupita kichwa kizima. Na wewe mwenye kanuni umeivunja kanuni yako: uso haukulala, unacheka meno yote. Uliishika kwenye mwanga wa dirisha muda mrefu. Ukaniuliza, "Umewezaje kwenda juu hivi, Gwakisa?" Nikakujibu, "Kipaji." Ukatikisa kichwa, ukasema, "Kweli Mungu hagawi sawa."

Siku chache baadaye tulikulaza Lufingo, kwenye migomba ya baba yako. Mvua ilinyesha, na watu walikuwa wengi kuliko nyumba zote zilivyoweza kuwaficha.

Sasa nikupe habari za baada yako.

Studio haikufungwa. Walidhani Tupoki atauza vyombo arudi kwao. Amekaa pale pale, anapiga picha za paspoti, na watu wanatoka vizuri kuliko zamani kwa sababu yeye hawakaripii wakipepesa macho. Samahani lakini ndivyo ilivyo. Kamera alinipa mimi. "Mjomba, hii ikikaa kabatini itaota ukungu. Iendelee kuruka." Na ile picha yetu ya wawili akaiweka kwenye kabati la kioo nje, apite nani asiione.

Hapo ndipo balaa lilipoanza, na sehemu ya balaa, nakuambia wewe tu, ni mdomo wangu. Watu walikuwa wanasimama pale kwenye kioo wananiuliza, "Mjomba, unakaaje juu namna hii?" Ningeweza kuwaambia mtu anaruka na kamera inawahi. Nikawaambia, "Unakaa tu. Ukichoka unashuka." Nilisema hivyo stendi, nikasema kilabuni, nikaongeza kwamba Jumanne moja nilikaa mpaka nikaona jua linazama nyuma ya nyumba. Wakacheka. Nikajua wamecheka.

Kumbe wapo ambao hawakucheka. Wewe unazijua nyumba zetu. Hapa kwetu mtu akiruka haulizwi ameruka kiasi gani, anaulizwa ameruka kwenda kwa nani. Maneno yakatembea kuliko mimi. Watu wawili wenye makoti meusi, hewani, ukutani kwa kanisa, na mmoja wao sasa amekufa. Wakasema hukufa kwa kifua. Wakasema tulikuwa njiani wewe na mimi, ukaanguka.

Hilo liliponifikia, Ambakisye, nilikaa kibandani kwangu sikula mpaka kesho yake. Nimezoea kusemwa. Lakini wewe ulikuwa umelala, huna mdomo wa kujibu.

Wazee wa kanisa wakaniita. Mzee Asajile, mwenyekiti wao, unamjua alivyo mpole, akaniambia, "Gwakisa, sisi hatusemi wewe ni mchawi. Tunauliza tu, pale juu ulikuwa umeshikilia nini?" Nikasema sikushikilia kitu. Hilo likawa baya zaidi. Wakakaa, wakanong'ona, wakaja na neno lao: picha zote zikusanywe zichomwe, ya kwako ikiwa ya kwanza, kamera pamoja nazo, na mimi nisikaribie Meza ya Bwana mpaka nitubu. Na jina lako litajwe siku hiyo ya kuchoma mbele ya watu wote, ili wajue limekwisha.

Tupoki alikuwepo. Alikuja na ile picha ameifunga kwenye kitenge chake. Hakulia. Akasema, "Wazee wangu, miaka yote alikuwa anapiga watu wengine. Hii ndiyo picha pekee ninayo mume wangu akiwa anacheka. Mkiichoma, naomba niishike mimi."

Hakuna aliyenyoosha mkono.

Ndipo nikasimama. Niliona nina njia mbili. Niendelee kuwa mtu anayekaa hewani mpaka achoke, au niwe mtu wa kawaida na wewe ulale salama. Nilifikiri kidogo, sikufichi, kwa maana sifa ni tamu. Kisha nikasema, "Wazee, nimedanganya. Hakuna kukaa. Ni kuruka na kushuka kama mbuzi. Twendeni nje niwaonyeshe."

Tukatoka. Nikalaza kamera chini kwenye sweta, pale pale ulipoilaza wewe. Wazee watano wamesimama kando na Biblia zao, Tupoki na kitenge chake. Nikavuta kimkono. Trrr. Nikaruka.

Niliruka kiasi gani tutakuja kusema. Walinyamaza, hilo nakuhakikishia.

Tupoki akaenda kuusafisha mkanda, na kesho yake asubuhi akaiweka picha mezani kwao. Ambakisye, nipo juu usawa wa dirisha, nimetulia kama askofu, uso umelala usingizi mzito. Bibi Sekela, yule mzee wa kanisa aliyetushikia watoto wetu wakibatizwa, akaitazama picha, akanitazama mimi, akainama mpaka chini mlangoni akatazama uwanja kwa macho ya kamera. Alipoinuka alisema, "Jana nilimwona kwa macho haya. Kumbe ni kamera ndiyo imelala, mtu hajaenda popote." Mzee Asajile akavua kofia. Akasema mbele ya wote kwamba marehemu Ambakisye alikufa kwa kifua, na mwenye neno lingine alilete kwake. Jumapili ile alilirudia kanisani kabla ya kutoa matangazo, polepole, jina lako lote na la baba yako.

Meza nimeishiriki. Picha imerudi kwenye kioo.

Na sasa kabatini mna nyingine pembeni yake. Maana tulipokuwa tunaondoka Bibi Sekela alinishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na sisi tunaweza?" Nikawapanga watano ukutani. Nikawafundisha mlio. Nikawaambia neno lako, uso ulale, miguu iruke. Mzee Asajile kofia imemtoka, iko juu yake peke yake kama ndege. Mmoja aliruka mapema, tayari ameshafika chini na anauliza kama imeshapiga. Bibi Sekela yuko juu kuliko wanaume wote, gauni amelishika kwa mikono miwili, na uso wake, ndugu yangu, haukulala hata kidogo. Watu wanasimama pale kwenye kioo asubuhi mpaka jioni. Hakuna tena anayeuliza ameruka kwenda kwa nani.

Kwa hiyo nina raha. Mvua ni nzuri, parachichi zimekubali, magoti yanauma nikipanda lakini si nikishuka. Jumamosi bado ni yetu. Mkoba wa kamera nauweka pale ulipokuwa unakaa wewe, na nikikosea kuhesabu nautazama kana kwamba utatikisika mabega.

Lala, Ambakisye. Ndaga, asante, kwa kila Jumamosi. Ahadi yangu ni kwamba kila mwaka mvua zikianza nitakuja Lufingo na kamera, nitailaza pembeni yako kwenye majani, nami nitaruka hapo kwenye migomba, kutoka kwenye udongo mtupu.

Nimesema kutoka kwenye udongo mtupu kwa sababu. Siku ile ya wazee, nilipotua, walinyamaza kwa kunionea huruma. Bibi Sekela ndiye aliyevunja ukimya. Alisema, "Mwacheni mwenzenu. Huyu haruki, huyu anakwamua viatu kwenye tope." Vidole vinne kutoka ardhini, ndugu yangu. Labda vitatu na nusu. Hicho ndicho kipaji changu chote, na dirisha lile ni kazi ya kamera iliyolala.

Kamera ililala vile vile siku tulipopigwa sisi wawili, ikatutazama sote sawasawa, na bado nilikupita kichwa kizima. Uliniuliza nimewezaje, ukiwa kitandani, nami nikakujibu upuuzi. Ulipokuwa umeinama kuvuta kimkono, umenipa mgongo, nililisogeza kwa mguu kreti la soda lililobaki pale kwenye harusi, nikalificha nyuma ya nguzo nje kidogo ya picha. Mlio ulipokaribia kukatika, wewe ukitazama kamera, nililikanyaga nikaruka kutoka juu yake kuingia kwenye picha. Wewe uliruka kutoka chini, na kifua kile.