Nimechoma Kofia ya Mwanangu kwa Sababu ya Neno Moja

Mpendwa Bi Wilma,

Naomba msaada wako, na naomba jina langu ulifiche gazetini ila la mwanangu uliandike, kwa sababu mpaka leo halijaandikwa popote watu wakaliona. Anaitwa Runa. Nilimzaa Februari, wiki kumi na tano kabla ya siku zake, tukarushwa kwa ndege kutoka hapa visiwani Shetland hadi hospitali ya Aberdeen, bara, akaishi siku tisa na siku ya kumi akanifia kifuani, na hilo labda ningelibeba kama wanawake wengine walivyobeba, lakini kilichonimaliza ni maneno, Bi Wilma. Wauguzi walisema “tiny”, daktari akizungumzia mapafu yake alitumia neno jingine refu la vitabuni, wageni wa bara walioleta maua wakasema “wee”, na huku nyumbani kila mtu husema “peerie”, peerie Runa, maskini yule peerie, na yote maana yake ni kadogo, kadogo, kadogo, na ni hilohilo wanalosema kwa kipande cha keki au kwa mvua isiyolowesha koti.

Mwezi wa Aprili nilikwenda dukani, jirani yangu mmoja akanishika mkono mbele ya watu akasema, “Pole, mpenzi. Lakini afadhali alikuwa peerie vile, hamkuwahi kumzoea.” Nilirudi nyumbani nikamkuta mama mkwe wangu, Baabie, amekuja kunipikia supu ya kondoo na kunitengenezea chai, akauliza, “Nikutilie peerie maziwa, mwanangu?” Nikampigia kelele, “Neno hilo usilitaje tena ndani ya nyumba yangu!” Akaweka jagi chini, akavaa koti lake polepole, akaondoka bila kuaga.

Sasa nakuambia jambo ambalo hata mume wangu Erlend halijui. Baabie alikuwa amemfumia Runa kofia mbili za sufu. Moja tulimzika nayo, ya pili nilikuwa naihifadhi kwenye droo, na kwenye utepe wake palikuwa na kikaratasi, “Kwa peerie wetu.” Siku ile nilikisoma, nikafungua mlango wa jiko letu linalowaka mboji kavu, nikaitupa kofia ndani na kikaratasi chake. Ilikwisha kabla sijajua nimefanya nini. Baabie ana miaka themanini na moja na jicho moja lina mtoto wa jicho, na kofia ile aliifumua mara tatu kwa kuwa kila mara ilitoka kubwa mno.

Juzi Erlend alileta habari za jiwe la kaburi. Nikamuuliza liandikwe nini, akasema, “Peerie Runa.”

“Hakuwa na jina jingine ila Runa,” nikamwambia.

“Mama yangu ananiita peerie mpaka leo, na mlangoni naingia nimeinama! Unadhani ananipima?”

Nikamwambia yeye na mama yake wamemfanya mwanangu kitu cha kuchekwa. Alichukua mto wake akaenda kulala kwa mama yake, na hajarudi. Jana Baabie alinipigia simu, kwa upole, anaiomba kofia aishike kidogo tu, ati vidole vyake vinaikumbuka kuliko macho. Nimesema nitaitafuta. Niseme imepotea? Fundi wa jiwe anataka maneno Ijumaa.

Mama yake Runa, kisiwani Yell

—

Mama Runa,

Pole sana. Mwanao aliishi siku tisa na wewe ulikuwa mama yake siku zote tisa, na yule wa dukani aliyesema hamkuwahi kumzoea angefaa kununua mkate wake akaenda zake. Hasira yako kwake ni ya haki. Lakini yeye hukumgusa, ukamrukia kikongwe aliyekuja na sufuria ya supu. Hapo ulikosa, na unajua ulikosa, ndiyo maana umeandika.

Daktari alipotafuta neno la udogo alikuwa anapima, na ilikuwa kazi yake. Mumeo hapimi. Kalelewa katika neno hilo, ndilo alilobembelezwa nalo, na hana jingine la kumpa binti ambaye hakuwahi kumbeba hadi mlangoni kwake. Ulipomnyang’anya hilo ulimwacha mikono mitupu. Naye pia, mwambie nimesema, alipaswa kukuuliza linakuumiza wapi kabla ya kubeba mto.

Usiseme kofia imepotea. Ukisema hivyo, mama yule atakuja na jicho lake moja akusaidie kupekua kila droo, na utasimama hapo ukimtazama. Nenda kwake kesho asubuhi, Erlend akiwepo. Usianze na jirani wala na huzuni yako. Sema, “Mama, niliichoma,” kisha nyamaza. Atalia. Huenda akakutaka utoke. Toka, na kesho kutwa urudi. Siwezi kukuahidi kwamba atakusamehe.

Fundi mpigie simu leo umwambie asubiri. Udongo wa kaburi jipya huchukua miezi kutulia kabla ya kubeba jiwe, na fundi yeyote mwenye akili analijua hilo kuliko mimi. Mtakuwa na muda wa kukubaliana.

Jibu hili nimelitia posta kwanza, kwa mkono wangu, na gazetini sitalitoa mpaka uniandikie kwamba umeshakwenda. Visiwani humu tunajuana, na najua Baabie husomewa ukurasa huu kila wiki; habari ya kofia asiisikie kwangu. Jiwe linaweza kungoja, hata mimi naweza. Mwanamke wa miaka themanini na moja usimngojeshe.

Wilma