Vumbi ya Mabawa

Mugunga, 3/11/2025

Mutoto wangu Kaswera,

Jambo. Uko muzima? Masomo ya ukulima inaendelea? Siye tuko. Wadogo wako wanakohoa kidogo.

Nakuandika juu ya mahindi. Imefika magoti. Ni ile mbegu mama yako alifunga mu kitambaa mbele ya kufa. Tulilala njaa ku kambi ya wakimbizi, sikuigusa. Sasa nikipita kando ya shamba, vipepeo vidogo vinaruka mu majani, vingi sana. Watu wanasema ndiyo mama ya viwavi vilikula mahindi ya mwaka jana mpaka roho. Édouard wa ng'ombe ananiambia: "Katia ng'ombe wangu yote ingali mubichi, nikupe gunia ya unga. Viwavi vikiisha kuingia, sitaki tena." Nikasema nangoya binti yangu wa masomo. Akacheka: "Basi akuje akupikie vipepeo." Amenipa mpaka yenga, siku ya misa, tarehe 16.

Nakutumia kipepeo kimoja mu kisanduku ya kiberiti, na Hassani dereva. Kilikuwa kichafu. Nimekipanguza vizuri vumbi ya volcan, ule mulima wetu wa moto.

Uniambie: nikate ao niache?

Papa yako

Butembo, 9/11/2025

Papa mupendwa,

Jambo. Mimi niko muzima. Wadogo wakunywe maji ya moto.

Papa, ulipanguza alama! Ile haikuwa vumbi ya volcan, ndiyo rangi yake. Mabawa yamefika kama karatasi ya sigara. Profesa ameangalia, hakuona kitu.

Kamata kingine na kopo, usiguse mabawa. Kiko na doa nyeupe ku ncha ya bawa? Ni kile kibaya, kata. Kiko na mustari mweupe murefu toka bega mpaka mwisho, kimejifunga mabawa kama mama anajifunga kikwembe ku kiuno, kichwa chini ku jani? Kile chakula yake ni majani ya pori tu, hakigusi mahindi. Usikate, Papa.

Binti yako Kaswera

Butembo, 19/11/2025

Papa,

Jambo, mungali wazima? Hassani hajarudi, wanasema barabara imefungwa. Hii nampa mama mumoja anauzisha mbuzi. Tarehe 16 imepita, lakini kama hujakata, uangalie bawa kwanza. Unijibu hata neno moja.

Binti yako

Mugunga, 27/11/2025

Kaswera,

Jambo. Wadogo wako wamepona.

Barua zako mbili zimefika leo pamoja. Hassani alikwama juu ya vita. Nilienda palepale ku shamba na kopo. Mustari mweupe, toka bega. Kimejifunga kikwembe. Kichwa chini. Nikakamata kingine. Mustari. Kingine. Mustari. Nikafanya vile mpaka giza.

Nilikata ile yenga, nyuma ya misa. Nilingoya kwanza, nikiangalia barabara. Ng'ombe walimaliza yote mbele jua iingie. Unga tunakula. Wadogo wako wanashiba, wanaimba.

Panga ilinishinda ku laini ya mwisho ya mahindi, kando ya mawe ya volcan. Nikamwambia Édouard, hii ni ya mama wa watoto. Safari hii hakucheka. Iko imesimama. Nimefungua kila jani, hakuna kidudu hata kimoja.

Ikizaa, hatutachoma hata moja. Nitaifunga mu kile kitambaa.

Usiniulize tena juu ya mahindi.

Papa yako