Vidato vya Mnazi

Kigombe, 12 Mei 2024

Mwanangu Idarusi,

Assalamu alaikum. Baridi ya huko milimani Amani haijakuumiza kifua? Mimi napumua tu. Simu ilivunjwa siku ile ile ya msiba, ndiyo maana nakuandikia.

Tumemzika ndugu yako Luqmani. Kombo mkwezi alimwita mwizi wa nazi zake, akamkata panga la shingo, la pili usoni, mlangoni kwangu. Nilikishika kichwa kisiachane na mwili. Nazi zenyewe zikaonekana jikoni kwa mkewe Kombo! Naye kaachiwa, eti hakuna shahidi. Mimi ni jiwe?

Una ndevu, una kazi. Sasa nionyeshe kama umekua. Panga la baba yako nimelinoa.

Mama yako

Amani, 20 Mei 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Niliposoma nilishika shoka nishuke huko. Wenzangu wanne wakanilaza chini.

Baadaye nikawauliza watu: mtu akikua, anakuwa nini? Dokta Devota, ninayempimia miti, anasema mti hauponi; hulifungia jeraha ndani, ukaota mbao mpya juu yake. Mgeni wetu wa Sri Lanka, mfuasi wa Buddha, anasema hata chuki hukua ukiilisha, na mtu mzima ni aliyeacha kuilisha. Mzee Jayanti, Mhindu anayenunua iliki, kasema kila tendo ni mbegu. Huota hata katika maisha mengine, na mpandaji ndiye mvunaji.

Sisi tuna dini yetu, mama, lakini wamenigusa. Sitaki kuua. Nisamehe.

Mwanao

Kigombe, 4 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mdalasini uliounitumia umefika, ahsante.

Hao watatu wako hakuna aliyemzaa Luqmani. Na miti yako ya msituni si mnazi! Ule tulioupanda juu ya kitovu cha Luqmani alipozaliwa, vidato alivyokata marehemu baba yako vya kukwelea viko wazi mpaka leo. Mnazi haufungi jeraha.

Basi, wazee wamenisihi. Kombo atakuja siku ya arobaini, aukwee mti huo huo, aangue nazi za wali wa hitima. Iwe suluhu. Nimekubali.

Mama yako

Amani, 9 Juni 2024

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo, tena shikamoo! Kumbe aliyekua ni wewe. Wiki ijayo nashuka, nimpe Kombo mkono mbele yako.

Mwanao

Kigombe, 14 Juni 2024

Idarusi,

Usishuke.

Siku saba niliutia shoka mnazi wa nduguyo kwa nyuma, kidogo kidogo, nikifunika kwa makuti. Kombo akakwea akitaniana na watu. Alipofika juu akaita, "Mama, nikuangushie na dafu?" Mti ukakatika, ukamlalia kifuani. Damu ikamtoka masikioni, vidole vikichimba mchanga, nami nimesimama namtazama mpaka akatulia. Nilidhani roho yangu nayo itatulia. Wallahi haikutulia.

Polisi wako mlangoni, wananingoja nimalize kuandika. Siwaogopi. Namwogopa Sadalla, mdogo wake Kombo. Kabla hawajafika kaingia ndani, kalichukua panga la baba yako, lile nililolinoa kwa mikono yangu. Nikamwekea shingo. Akanisukuma, akasema hana haja na kikongwe. Anauliza watu njia ya Amani.

Mwambie Mhindu wako kakosea. Nimepanda mimi.

Kimbia, mwanangu.

Mama yako