Kaa wa Bwawa la Dada Monika

Jumamosi, Bukene. Joto tangu saa tatu asubuhi, upepo wa vumbi, na hasira ambayo sina wa kumpelekea.

Dada Monika ana bwawa la perege nyuma ya nyumba. Maji yaliyomo ni ya masika yaliyopita. Mengine hayapatikani hadi mvua zianze tena. Samaki wamebakiza wiki tatu wavuliwe. Na bwawa linavuja.

Wanaolitoboa ni kaa, wale wadogo wa rangi ya udongo wanaochimba kwenye tuta. Wiki iliyopita mumewe, Shemeji Paulo, alinipigia simu Tabora kuniomba ushauri. Mimi, mwandishi ambaye kazi yangu ni kuuliza maswali, sikumwuliza hata moja. Nilimwambia apunguze maji ili aone matundu yalipo.

Akachukua jembe, akakata mfereji kwenye tuta, maji yakashuka, akaufukia.

Leo nimekuta mstari wa matundu makavu juu, na chini yake, kama shubiri mbili, mstari mwingine mpya, udongo wake bado mbichi. Kaa hana ugomvi na bwawa la mtu. Anataka tu mwisho wa shimo lake uwe na maji. Maji yakishuka, naye anachimba kuyafuata.

Ushauri ulikuwa wangu.

Kosa la pili ni la shemeji. Amekulia kwenye majaruba ya mpunga, ambako tuta halipiti goti na tundu huzibwa pale maji yanapotokea. Basi kila asubuhi anabandika tope upande wa nje wa bwawa. Tope linakauka, linapasuka. Ndani, shimo liko wazi na linazidi kupanuka.

Nilimwambia tuzibe kwa ndani.

"Shemeji, wewe andika," alisema, tope hadi magotini. "Kuziba tuachie wakulima."

"Mkulima gani?" dada alidakia. "Tangu Jumatatu unaziba, mpaka samaki wanaonyesha migongo!"

Hapo shemeji akaingia majini. Tukaingia wote watatu, tukipapasa tuta kwa vidole. Kaa mmoja alinibana kidole gumba. Shemeji alicheka kwa mara ya kwanza leo. Kila tundu tulilolipata tulilijaza udongo wa kichuguu uliolowekwa, na dada akaushindilia kwa mchi wa kinu, ambao amesema hautarudi jikoni.

Matundu kumi na moja. Huenda yapo mengine.

Saa saba nilisimika kijiti bwawani na kupiga msumari usawa wa maji. Saa kumi na moja maji yalikuwa yamepungua unene wa kucha. Hilo nakubali ni jua.

Nilidhani tumemaliza. Shemeji akazizunguka kingo mara mbili, mikono nyuma, kisha akasema labda tupunguze maji kidogo tu, tuhakikishe hakuna tundu tulilolisahau.

Dada alilichukua jembe, akalisukuma uvunguni mwa kitanda chake, akafunga chumba na kutia ufunguo kwenye pindo la khanga.

Kesho kabla ya misa nitasoma kijiti. Nitasema kipimo ninachokiona, na ushauri nitabaki nao mwenyewe.